Kwa nini hawapigi kelele? Jibu kwa msomaji aliyetazama filamu ya Kichina na mama yake

SWALI: "Mimi na mama tumetazama Huozhe, filamu ya Kichina ya mwaka 1994. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria. Inahusu familia moja, Fugui na mkewe Jiazhen, inayopita kwenye vita, kisha ukomunisti, kisha Mapinduzi ya Utamaduni (ile misukosuko ya Mao ya 1966 hadi 1976), na inapoteza watoto wake wote wawili. Binti anafia hospitalini kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, kwa sababu madaktari wamefungiwa na wodi wameachiwa wanafunzi. Ilipoisha mama akasema, 'Hawa ni waoga. Wamezika watoto wawili na hakuna aliyefungua mdomo kuilaumu serikali.' Mimi nikawaza labda ni propaganda. Je, ndivyo? Watu wa kawaida kule walikaa kimya namna hiyo kweli, au ni ubunifu wa mwongozaji tu? Kazini kwetu kuna mama wa Kichina, wa miaka 60 hivi. Nilipomtajia filamu hii alitabasamu, akaanza kuzungumzia mvua. Nimuulize tena? Na la mwisho: dada yangu mkubwa alifariki mwaka 1998 akijifungua. Tangu tuitazame filamu hiyo mama halali vizuri."

Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Halafu naona umefanya kama wagonjwa wengi wafanyavyo: mtu anaeleza kikohozi nusu saa nzima, na akiwa ameshashika komeo la mlango ndipo anasema, "na kuna hiki kivimbe, daktari." Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, nami nitalifikia. Lakini acha nifuate mpangilio wako, maana swali la kwanza ndilo linalofungua mengine.

Unahofia kwamba umemkalisha mzazi wako zaidi ya saa mbili mbele ya propaganda. Ondoa shaka. Filamu hii haikuruhusiwa kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya China. Mwongozaji wake, Zhang Yimou, aliifikisha kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei 1994, ikashinda Tuzo Kuu ya Majaji, na Ge You aliyeigiza Fugui akatwaa tuzo ya muigizaji bora wa kiume, Mchina wa kwanza kuipata. Nyumbani shukrani ikawa marufuku: Zhang akazuiwa miaka 2 asitengeneze filamu kwa fedha za kutoka nje. Hayo si malipo ya mtu aliyeipigia serikali yake debe.

Lakini naelewa kwa nini ulichanganyikiwa. Picha ya Mao imejaa kila kona, watu wanaimba nyimbo za kumsifu, bwana harusi na bibi harusi wanapigwa picha mbele ya sura yake. Ukiangalia juu juu, unaona sifa. Rudi uangalie wanaimba lini. Wanaimba mbele za watu. Wakishafunga mlango wao wa mbao, ndani hakuna hata mmoja anayeimba.

Sasa shtaka la mama. Waoga. Ningemwomba mama aniruhusu nimweleze kitu kimoja ambacho filamu haikieleza, kwa sababu mtazamaji wa Kichina wa mwaka 1994 hakuhitaji kuelezwa.

Baada ya mwaka 1949, kila kaya China iliandikiwa asili yake ya kitabaka: kabaila, mkulima tajiri, mkulima wa kati, mkulima fukara, mfanyakazi, mwenyeji wa mjini, na kadhalika. Mama atayatambua maneno hayo, maana kizazi chake kimelelewa na redio iliyokuwa ikiyataja asubuhi na jioni: kabaila, bepari, mnyonyaji. Tofauti ni kwamba kwetu mara nyingi yalibaki kwenye hotuba. Kule yaliingia kwenye jalada, na jalada lile lilirithiwa upande wa baba. Mtoto wa kabaila aliyezaliwa miaka kumi baada ya baba yake kunyang'anywa shamba alikuwa bado "wa kabaila" alipotafuta shule, alipotafuta kazi, alipotafuta mchumba. Mjini, jalada lilikaa kwenye kitengo cha kazi, na kitengo hichohicho ndicho kilichogawa nyumba, kuponi za chakula na matibabu, na ndicho kilichotoa kibali cha kuoa. Wewe mwenyewe hukuruhusiwa kulisoma. Uliishi ukijua kuna karatasi mahali fulani zinazokusema, na hujui zinasema nini.

Sasa mweke Jiazhen hapo. Anataka kupiga kelele. Atakayelipa ni nani? Jiazhen mwenyewe angeweza kuwa radhi alipe. Lakini bili ingekwenda kwa Fengxia, binti bubu anayehangaika kupata mume, au kwa mjukuu ambaye hata jina hajapewa. Kunyamaza kule kulikuwa hesabu ya mzazi, na hesabu hiyo ilifanywa na mamilioni ya wazazi, kila mmoja jikoni kwake, bila kushauriana.

Filamu inatufundisha hesabu hiyo kwa tukio moja. Unakumbuka mwanzoni Fugui anapoteza nyumba ya ukoo kwa kucheza kamari, na mshindi ni Long'er? Ukomunisti ukaingia, Long'er akatakiwa kuikabidhi nyumba, akakataa na kuitia moto, akahukumiwa kama kabaila na kupigwa risasi. Fugui yuko kando, amejificha, anasikia milio. Mitano. Anarudi nyumbani suruali imelowa mkojo, na swali analomuuliza mkewe ni moja tu: sisi tumeandikwa tabaka gani? Wenyeji wa kawaida wa mjini, anajibiwa. Hapo ndipo anapoweza kupumua. Kisha wanakumbuka kile cheti cha Fugui cha kulitumikia jeshi la ukombozi la wakomunisti, kilichosahaulika ndani ya nguo zilizofuliwa. Karatasi imelowa, wanaikunjua kwa uangalifu kama mtu anayeokota yai, na baadaye wanaitundika ukutani kwenye fremu. Ile fremu iangalie vizuri siku ukirudia. Ndiyo bima ya familia nzima.

Mwenzake Zhang wa darasa moja, Tian Zhuangzhuang, alilionyesha jambo hilihili kwa ukali zaidi katika Lan fengzheng, filamu ya mwaka 1993 kuhusu mtoto mmoja wa uchochoro wa Beijing, mama yake, na waume watatu ambao mama huyo anawapoteza mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1957 ilipigwa kampeni dhidi ya watu wa "mrengo wa kulia", yaani walioshukiwa kukipinga chama, na ofisi nyingi zilipewa idadi ya kufikisha. Katika filamu, wafanyakazi wa maktaba wamekaa kikaoni, idadi haijatimia, hakuna anayetaka kutaja jina. Baba wa mtoto anabanwa na haja, anatoka kwenda chooni. Anarudi, anasimama mlangoni, watu wote wamemgeukia, kimya. Basi. Ameshapatikana. Hakuna muziki, hakuna kilio. Anapelekwa kambi ya kazi msituni, na huko anaangukiwa na mti.

Wachina wana msemo kwa hilo: kuvishwa kofia. Kofia yenyewe huioni, ila kila mtu anajua umeivaa, na aliyekuvisha ndiye pekee anayeweza kukuvua. Katika kampeni ile walivishwa zaidi ya watu 550,000. Wengi sana walivuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya miaka 20 baadaye, serikali ilipokiri kwamba walionewa.

Kwa hiyo kwa mama ningesema hivi: uoga na tahadhari vinafanana ukivitazama kwa mbali.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo linalofanya filamu za aina hii zistahili kutazamwa mara mbili. Tuseme Jiazhen angetaka kumlaumu mtu. Angemlaumu nani? Mtoto wao Youqing anakufa mwaka 1958, wakati wa Mruko Mkubwa, nchi nzima ilipoambiwa iyeyushe masufuria na vitasa ili kupata chuma. Amekesha kwenye tanuri, amechoka, mama anataka alale, baba anasema hapana, mkuu wa wilaya anakuja shuleni, mtoto asionekane mzembe. Anambeba mgongoni akiwa usingizini. Mtoto analala nyuma ya ukuta. Gari la mkuu wa wilaya linarudi nyuma, linagonga ukuta, ukuta unamwangukia. Na mkuu wa wilaya ni nani? Ni Chunsheng, rafiki wa Fugui wa tangu vitani, waliyelala naye kwenye mahandaki. Serikali imekuja na sura ya rafiki. Na aliyemwamsha mtoto ni baba yake.

Endelea mbele. Anayewaamuru wachome vikaragosi vyao vya kivuli, vile alivyovitegemea Fugui kwa chakula, ni Bwana Niu, kiongozi wa mtaa, mtu kama mjumbe wa nyumba kumi, ambaye ndiye aliyemtafutia Fengxia mchumba na ambaye naye baadaye anageuziwa kibao. Na mchumba mwenyewe, Erxi, mchechemeaji mpole mwenye mapenzi ya kweli? Ni kiongozi, kiwandani kwake, wa Walinzi Wekundu, yale makundi ya wafuasi wa Mao yaliyosaka "maadui wa mapinduzi". Kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote: majirani wanakuja mbio kumwambia Fugui kwamba Walinzi Wekundu wanabomoa nyumba yake. Wazee wanakimbia, roho mkononi. Wanakuta vijana wako juu ya paa wanapanga vigae, na Erxi ukutani anapaka rangi picha kubwa ya Mao. Mkwe amekuja kukarabati nyumba ya wakwe. Unacheka, machozi yanakulengalenga kwa ahueni, na hutambui kwamba umeoneshwa jambo la kutisha: walewale waliozoea kubomoa ndio wanaokuezekea, na kundi lilelile la mkwe wako ndilo lililowafungia madaktari utakaowahitaji miezi michache baadaye.

Ndiyo maana lawama haina pa kutua. Filamu za mtindo rahisi zinakupa jitu baya lenye masharubu. Hizi zinakupa mtaa mzima ambamo kila mtu amemfanyia mwenzake kitu, kisha wanaendelea kuchota maji kwenye bomba lilelile. Waongozaji wenyewe walilijua hilo kwa ngozi yao. Chen Kaige, wa kizazi hichohicho, ameandika waziwazi kwamba akiwa kijana mdogo alimshutumu baba yake hadharani. Zhang alizaliwa mwaka 1950, mtoto wa ofisa wa jeshi lililoshindwa na wakomunisti. Jalada lake lilikuwa jeusi tangu utotoni. Alipelekwa kijijini kulima, kisha miaka 7 kwenye kiwanda cha nguo, na alipoingia Chuo cha Filamu cha Beijing mwaka 1978 alikuwa ameshapita umri wa kuandikishwa. Hawa si watu waliosimuliwa.

Na hasira ipo, mwambie mama. Imekwenda tu kwa yule mmoja aliye karibu. Jiazhen hamsamehi Chunsheng. Miaka inapita, anakuja mlangoni, hamtazami, hapokei pesa zake. Halafu usiku mmoja Chunsheng anafika akiwa yeye ndiye aliyegeuziwa kibao. Mkewe amejiua, naye amekuja kuaga kwa namna ambayo Fugui anaielewa mara moja. Fugui anambembeleza. Ndipo Jiazhen, ambaye kwa miaka yote hiyo hajamfungulia mlango, anatoka na kumwita kwenye giza: Chunsheng, kumbuka, unatudai... hapana, nimekosea, na kosa lenyewe ni zuri nikuachie ulione: *unadaiwa* nasi uhai mmoja. Lazima uishi.

Hapa naingia kwenye tafsiri, kwa sababu nadhani ndiyo iliyomponza mama. Jina la filamu kwa Kiingereza ni kitenzi kikavu, "kuishi". Kichina kina zaidi. *Huo* ni kuwa hai, na *zhe* ni kiambishi kinachosema hali inaendelea, haijakatika. Kiingereza hakina kitu hicho kwa neno moja. Sisi tunacho: -ngali. *Wangali hai.* Na neno hilohilo *huozhe* ndilo Jiazhen anamtupia Chunsheng usiku ule. Ukimtafsiria mama "you must live" kuwa "inabidi uishi", linakuwa kama ushauri wa daktari. Kwa Kichina ni adhabu na msamaha kwa pumzi moja: ulituulia mtoto, kwa hiyo kufa huruhusiwi, ukae ungali hai kama sisi tulivyokaa. Rudia kipande hicho na mama, mtafsirie hivyo, uone atasema nini.

Sasa kuhusu ukweli wake. Umeuliza kama watu waliishi hivyo au ni ubunifu. Hapa sitaki kuipamba filamu. Ni kazi ya kubuni, imetokana na riwaya ya Yu Hua, na imelainishwa sana. Katika riwaya Fugui anaishia kijijini kama mkulima, si mwenye vikaragosi mjini. Mtoto wake anafia hospitalini, amenyonywa damu kupita kiasi ili kumwokoa mke wa mkuu wa wilaya. Na mwisho wa riwaya kila mtu amekufa isipokuwa mzee na ng'ombe wake. Zhang amewabakiza hai Jiazhen, mkwe na mjukuu, akatupa vifaranga ndani ya sanduku la vikaragosi, na maneno ya matumaini. Kuna siku naona ni huruma. Kuna siku naona alichoka kutusikitisha.

Kubwa zaidi ni lile ambalo halimo kabisa. Angalia sura za filamu: miaka ya 40, miaka ya 50, miaka ya 60. Tunaruka kutoka matanuri ya mwaka 1958 hadi Walinzi Wekundu wa 1966. Katikati palikuwa na nini? Palikuwa na njaa ya mwaka 1959 hadi 1961, mojawapo ya njaa kubwa kuliko zote zilizoandikwa. Makadirio ya wanahistoria yanatofautiana, kutoka watu milioni 15 hadi zaidi ya milioni 40. Wengi hutaja milioni 30 hivi. Wengi wao walikuwa wakulima. Familia ya Fugui iko mjini, yenye kantini, na tukitoka kumzika Youqing tunafungua macho miaka imeshapita. Lan fengzheng inaigusa njaa kupitia mume wa pili wa yule mama, mtu anayezidi kudhoofika hadi anaanguka. Lakini hata hiyo inatazama kutoka Beijing. Wanakijiji wenyewe, waliokufa kwa mamilioni, karibu hawajapata filamu yao. Kwa hiyo ukiuliza kama Huozhe inasema kweli, nitajibu: inachokionyesha kilikuwapo. Kisichoonyeshwa kilikuwa kibaya kuliko hicho.

Na hospitali? Madaktari waliobandikwa jina la "wasomi waovu" walifungiwa kweli kwenye vile vilivyoitwa mabanda ya ng'ombe, na shughuli zikashikwa na vijana. Kile kisa cha profesa mwenye njaa anayetolewa kizuizini, akapewa mikate saba ya mvuke, akala yote, akanywa maji, ikamvimba tumboni hadi akashindwa kuinua mkono wakati binti anatokwa na damu, hicho ni cha msanii. Angalia alivyokipanga: kila aliyekosea alikosea kwa wema. Erxi alikwenda kumtoa profesa kwa mapenzi. Fugui alinunua mikate kwa huruma. Aliyempa maji alimpa kwa huruma. Na hiyo huruma yote ndiyo iliyomuua Fengxia, kwa kuwa ilimkuta mtu aliyekwisha kunyimwa chakula siku tatu. Mzazi anabaki anajilaumu kwa mikate saba, na aliyemnyima profesa chakula hayumo hata chumbani.

Nilipokuwa nasoma Beijing, kulikuwa na bibi mmoja jirani, ghorofa ya tano, aliyenifundisha kukunja vipande vya unga kwa nyama. Alipenda kusimulia. Alisimulia vita, alisimulia harusi yake, alisimulia bei ya kabichi. Alipofika mwaka 1966 alisema "wakati ule" tu, akainuka, akafunga dirisha. Kiangazi, joto la kukausha ulimi, ghorofa ya tano, na mwaka huo wa 1966 ulikuwa umepita zamani sana. Alifunga dirisha, akaendelea na unga. Sikuuliza.

Hiyo inanileta kwa mwenzako wa kazini. Piga hesabu ya umri wake kabla ya kumhukumu. Kama ana miaka 60 hivi, Mapinduzi ya Utamaduni yalimkuta mtoto, na yalipokwisha mwaka 1976 alikuwa bado wa kwenda shule. Anachokumbuka ni wazazi wanaonong'ona, labda mzazi aliyeondoka kwa muda. Msukosuko uliomkuta yeye akiwa mwanamke mzima ni mwingine kabisa: sera ya mtoto mmoja, iliyoanza rasmi kati ya mwaka 1979 na 1980 na kuondolewa mwaka 2016 ulipoingia. Kuhusu hiyo kuna filamu ya Wang Xiaoshuai ya mwaka 2019, Di jiu tian chang, ya saa tatu, ambayo waigizaji wake wakuu wawili, Wang Jingchun na Yong Mei, walipewa tuzo za Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin. Mume na mke wa kiwandani wanapata mimba ya pili. Rafiki yao, jirani yao, ndiye msimamizi wa uzazi wa mpango kiwandani, na ndiye anayempeleka mwanamke hospitali kwa nguvu. Mimba inatolewa, na mwanamke hapati mimba tena. Baadaye kwenye mkutano wa kiwanda wanaitwa mbele, wanapewa tuzo ya familia ya mfano, watu wanapiga makofi, nao wamesimama pale na zawadi mikononi. Kisha mtoto wao mmoja anazama bwawani.

Unaona tena: rafiki, mlango wa jirani, kosa lisilo na pa kupelekwa. Hiyo iliruhusiwa kuonyeshwa China, na utagundua ni kwa nini: sera ilikuwa imeshafutwa. Kawaida kule jeraha linaruhusiwa kuonyeshwa likishakuwa kovu, na kovu lenyewe lionekane kama la familia moja. Hata Zhang aliporudi kwenye mada hii mwaka 2014 na Guilai, kisa cha mfungwa anayerudi kwa mke aliyepoteza kumbukumbu, iliruhusiwa. Mke anakwenda stesheni kila tarehe 5 kumpokea mume ambaye amesimama ubavuni pake. Hakuna wa kulaumu kwa sababu hakuna anayekumbuka. Ni filamu nzuri, nami huitazama kwa kinyongo kidogo.

Kwa hiyo usimuulize tena mwenzako. Tabasamu na mvua vilikuwa jibu, na lilikuwa jibu la adabu. Hukumkosea, mtu aliyekosewa angeacha kukusalimia. Isitoshe yuko ugenini, kwenye kampuni yenye watu wa kwao, na hajui ukisikia utamwambia nani. Kaa naye, kula naye. Kama siku moja atalianza mwenyewe, atalianzia pembeni: kaka aliyepelekwa kijijini, au "nilitaka wawili." Wewe sikiliza, usilete mfano wa filamu.

Mama yako, akitaka kujua Wachina wenyewe walikuwa wakipitia nini enzi zile, mkumbushe wale waliokuja kujenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Waliacha familia nyumbani, wakaja huku wakicheka kwenye picha na wakifanya kazi kama wana deni. Walitoka kwenye China hiyohiyo ya Fugui, katikati ya miaka hiyohiyo. Kila mmoja aliacha jalada nyuma yake.

Sasa kivimbe.

Mama hakuwaita Fugui na Jiazhen waoga kwa sababu ya siasa za China. Ametazama binti wa watu akitokwa na damu kitandani, wauguzi wanakimbia wakisema hawajui la kufanya, wazazi wamesimama nje. Amewaona wazazi wale miaka baadaye wanakwenda kaburini na chakula, wanaongea kawaida, hata wanataniana. Nadhani aliyekuwa akimgombeza ni yeye mwenyewe wa mwaka 1998: mbona sikupiga kelele, mbona sikumtafuta mganga mkuu, mbona sikukataa. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayemjua. Lakini sikiliza atakavyolizungumza neno "waoga" siku nyingine.

Usimrudishie hotuba yangu ya majalada. Muulize tu siku ile ilikuwaje, na ukubali kama atafunga dirisha. Wazazi wengi waliofiwa na binti kwenye uzazi hawajawahi kuulizwa na mtoto aliyebaki. Kila mmoja alidhani anamlinda mwenzake. Usiku ndio saa mbaya, kwa hiyo zungumzeni mchana, mikono ikiwa na kazi, mchele wa kuchambua au mboga.

Nami sikujibu kama mganga. Mimi ni mtu wa filamu. Kama usingizi haujarudi baada ya wiki mbili tatu, kama anaacha kula, kama anasema maneno ya kuchoka na dunia, usingoje jibu langu lingine. Mpeleke kituo cha afya mkaonane na daktari uso kwa uso, mueleze tangu lini na imeanzia wapi, bila kuona haya kwamba imeanzia kwenye filamu. Na kama ana shekhe, padri au mchungaji anayemwamini, au wanawake wenzake wa kikundi, mtu wa kukaa naye sebuleni ana faida kuliko chochote ninachoweza kuandika hapa.

Lan fengzheng usimwonyeshe kwa sasa. Wewe itazame mwenyewe, mchana.